Kuni za Moto Usiozimika: Chakula, Mchochota na Saratani Chini ya Mlima Meru

Mgonjwa anayerudi nyumbani Arusha na majibu ya saratani hupokewa na ushauri mwingi kuliko anavyoweza kuubeba. Jirani humwambia aache nyama. Ndugu humletea unga wa majani ya mlonge. Ujumbe unaosambazwa kwenye simu humtaka aache sukari ili seli za saratani zife njaa, na mwingine humtaka anywe maji ya ndimu ili damu ipungue asidi. Walio wazima nao huuliza: je, mtori na loshoro vya wazee vilikuwa kinga? Je, chipsi mayai ndizo zinazotuua?

Kiu ya majibu haya si ujinga. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kilichotolewa kwa shilingi 500 na kuaminiwa kutibu magonjwa sugu, saratani ikiwamo. Watu hupanga foleni ndefu hivyo pale ambapo matibabu yako mbali, ni ghali, na mara nyingi huanza ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Chakula ni kitu kimoja ambacho kila familia inaweza kukishika kwa mikono yake. Kwa hiyo swali la uhusiano wa lishe na saratani linastahili jibu la uangalifu, lenye kutenganisha yaliyothibitishwa na yanayotarajiwa tu.

Uchambuzi huu unapima hoja nne zinazosikika sana katika eneo la Meru na Kilimanjaro. Kabla ya kuzipima, ni lazima kunyoosha neno moja.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Katika Kiswahili cha kila siku, "uvimbe" ni mguu uliojaa baada ya kuteguka, na pia ni donge ambalo daktari hulikata kipande kupima kama lina saratani. Mtu akisikia kwamba chakula fulani "kinapunguza uvimbe", huelewa kwamba kinayeyusha donge. Wanasayansi huwa wanazungumzia jambo jingine, ambalo kwa Kiswahili cha kitabibu huitwa mchochota.

Mchochota ni kazi ya ulinzi wa mwili. Kidole kikikatwa, damu hukimbilia hapo, pakawa pekundu na pa moto, seli nyeupe zikapambana na vijidudu, kisha jeraha likafunga. Huo ni mchochota wa muda mfupi, na bila huo tungekufa kwa mkwaruzo. Mchochota sugu ni tofauti. Kitu kinachouchokoza hakiondoki, kwa hiyo ulinzi haulali. Seli nyeupe huendelea kumwaga kemikali kali ambazo hujeruhi pia vinasaba vya seli za jirani, na tishu iliyojeruhiwa hulazimika kuzaa seli mpya kila siku. Kila seli inapogawanyika kuna nafasi ya kosa katika kunakili vinasaba, na makosa yakilimbikana kwa miaka, saratani huweza kuanza.

Wazo hili ni la zamani. Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow aliona seli nyeupe ndani ya saratani na mwaka 1863 akapendekeza kwamba vitu hivyo viwili vina uhusiano. Ushahidi wa nguvu ulikuja mwaka 2017, katika jaribio lililohusisha zaidi ya wagonjwa 10,000 wa moyo. Waliopewa dawa ya kuzuia ishara moja ya mchochota walipata saratani ya mapafu kwa uchache zaidi. Lakini dawa hiyohiyo ilipojaribiwa kwa watu ambao tayari wana saratani ya mapafu, matokeo yaliyotarajiwa hayakupatikana. Hapo pana somo la kwanza: kinachosaidia kuzuia si lazima kiweze kutibu.

HOJA YA KWANZA: CHAKULA CHA WAZEE HUPOOZA MCHOCHOTA

Wanaotetea vyakula vya asili wana ushahidi uliotoka karibu kabisa na nyumbani. Watafiti wa hospitali ya KCMC mjini Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha mwaka 2021 utafiti wa watu wazima 323 wenye afya kutoka mjini na vijijini Kilimanjaro. Damu za watu wa mjini zilionyesha ulinzi wa mwili ulio katika hali ya kuchokozeka zaidi, na tofauti hiyo ilihusiana na mlo.

Mwaka 2025 kundi hilohilo, likiongozwa na Godfrey Temba na wenzake, lilichapisha jaribio la wanaume 77. Wanavijiji waliozoea ndizi, maharage, mboga za majani, mizizi na ulezi walihamia kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kukaanga, vilivyokobolewa na vilivyosindikwa kiwandani. Viashiria vya mchochota vilipanda, na seli zao za ulinzi zikadhoofika katika kukabili vijidudu. Wanaume wa mjini waliohamia kwenye mlo wa asili waliona kinyume chake. Kundi lingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki moja, na viashiria vyao vikashuka pia. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye.

Namna chakula kinavyofanya kazi hii inaeleweka kwa sehemu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya upasuaji Uganda kwa miaka mingi, aliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini, akahusisha hilo na nyuzinyuzi katika chakula chao. Leo tunajua kwamba bakteria wa utumbo huchachusha nyuzinyuzi hizo na kutoa byutireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo na kutuliza mchochota. Mwaka 2015 jaribio la kubadilishana milo kati ya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini lilionyesha mabadiliko kwenye ukuta wa utumbo ndani ya wiki mbili tu.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba imejaribiwa kwa watu wetu na kwa vyakula vyetu. Udhaifu wake nao ni mkubwa. Majaribio haya yalipima viashiria vya damu na vya utumbo, hayakuhesabu wagonjwa wa saratani. Wiki mbili si miaka 20, na wanaume 77 hawawezi kuwasemea wanawake na wazee wa ukanda mzima. Tena historia imetuonya. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1994, wanaume 29,133 wavutaji sigara wa Finland walifuatiliwa ili kuona kama vidonge vya beta-karotini, kirutubisho cha karoti na mboga, vingewakinga na saratani ya mapafu. Waliovimeza waliugua zaidi, kwa takriban asilimia 18. Kirutubisho kilichotolewa kwenye mboga na kutiwa kwenye kidonge hakikufanya kazi ya mboga.

HOJA YA PILI: TATIZO SI CHAKULA, NI JOTO LAKE

Hoja ya pili inaanza na ukweli unaoitikisa ile ya kwanza. Kama mlo wa asili ungetosha kuwa kinga, mashariki mwa Afrika kusingekuwa na ukanda wa saratani ya umio, yaani koo la chakula, unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini. Kaskazini mwa Tanzania imo ndani ya ukanda huo. Saratani hii huziba njia ya chakula. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha mate yake mwenyewe, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Watafiti waliopima chai inavyonywewa Kilimanjaro, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, waliona kwamba funda la kwanza lilimezwa likiwa na wastani wa nyuzi joto 70 hivi. Wanywaji wa chai ya maziwa, ambayo hupoa polepole, waliinywa ikiwa moto zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Huko Golestan, Iran, watu 50,045 walifuatiliwa kwa takriban miaka 10. Waliokunywa chai ya nyuzi 60 au zaidi, tena kwa wingi wa zaidi ya mililita 700 kwa siku, walikuwa na hatari ya saratani ya umio iliyozidi kwa karibu asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo karibu nyuzi 95. Bado ni nyuzi 30 juu ya mpaka ule wa nyuzi 65. Asubuhi za baridi za Juni na Julai pale Usa River au Nkoaranga zinaeleza vizuri kwa nini watu hupenda chai na uji vinavyofuka.

Hapa mchochota unarudi kwa mlango mwingine. Kiungo kinachounguzwa kidogo kila asubuhi hubaki katika kazi ya kujikarabati. Uchunguzi wa vinasaba vya saratani 552 za umio kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwamo, uliochapishwa mwaka 2021, haukukuta alama ya sumu yoyote kwenye vinasaba inayoeleza kwa nini maeneo fulani yana wagonjwa wengi. Matokeo hayo yanaacha nafasi kwa visababishi vinavyofanya kazi kwa kujeruhi na kuchokoza tishu bila kuacha alama zao, na joto ni mojawapo ya vinavyofikiriwa.

Katika kundi hili la vinavyoshukiwa kuleta saratani ya umio yamo pia maji. Miteremko ya Meru ina fluoridi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na kata kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki zimejulikana kwa meno ya kahawia kwa vizazi. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili mahindi na maharage yalainike huweza kuongeza fluoridi hiyo. Utafiti uliofanyika Kenya ulikuta uhusiano kati ya meno yaliyoharibiwa na fluoridi, afya mbaya ya kinywa na saratani ya umio. Lakini uhusiano si kisababishi, na fluoridi ya maji ya kunywa haijathibitishwa kuleta saratani. Inawezekana kwamba meno mabovu hubadilisha bakteria wa kinywa, au hubadilisha namna mtu anavyotafuna na kumeza.

Udhaifu wa hoja ya joto ni kwamba ushahidi wake mzito umetoka Iran na Amerika Kusini kuliko kwetu, na kwamba joto husimama pamoja na pombe, tumbaku na moshi wa kuni, hivyo ni vigumu kulitenga. Nguvu yake ni ya kivitendo: dawa yake ni dakika chache za kusubiri, na haimgharimu mtu chochote.

HOJA YA TATU: SUMU IKO GHALANI

Wataalamu wa kilimo huelekeza kidole kwenye sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa vizuri. Hapa ushahidi hauna mashaka. Aina kuu ya sumukuvu, aflatoksini, imethibitishwa kusababisha saratani ya ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 kati ya 68 walioripotiwa kuugua Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, malori yakakwama Namanga, ndani ya Mkoa wa Arusha, kabla ya biashara kuruhusiwa tena kwa masharti.

Sumukuvu inatufundisha pia mipaka ya nadharia ya mchochota. Haihitaji kuchokoza tishu kwa miaka. Hujishikiza moja kwa moja kwenye vinasaba vya seli za ini na kuviharibu. Lakini ikikutana na virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyoweka ini katika mchochota sugu, hatari huzidishwa. Njia mbili hukutana kwenye kiungo kimoja.

Hoja hii inazaa mgongano mgumu jikoni. Dona husifiwa kwa nyuzinyuzi zake, lakini sumukuvu hukaa zaidi kwenye pumba na kiini cha mahindi, sehemu ambazo sembe huziondoa. Kwa mahindi safi, dona ni bora. Kwa mahindi yenye ukungu, kukoboa hupunguza sumu, ingawa hakuimalizi. Anayeshauri dona bila kuuliza mahindi yalikaushwa wapi ametoa nusu ya ushauri.

HOJA YA NNE: LISHE INASINGIZIWA

Madaktari wengi wa saratani huonya kwamba mazungumzo ya chakula yanafunika visababishi vikubwa zaidi. Saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na chanzo chake ni virusi vya HPV. Hakuna mnafu wala parachichi linaloweza kufanya kazi ya chanjo, ambayo nchi ilianza kuwapa wasichana mwaka 2018. Bakteria wa Helicobacter pylori huchokoza ukuta wa tumbo hadi kuweza kuleta saratani yake. Chanjo ya homa ya ini B imekuwa katika ratiba ya watoto wachanga tangu mwaka 2002, lakini waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Kisha iko pombe, iliyotambuliwa kuwa kisababishi cha saratani tangu mwaka 1988, na tumbaku, ambayo ikiungana na pombe huzidisha hatari ya kinywa na umio.

Hoja hii ina nguvu kwa sababu inataja vitu vyenye uzito na vyenye kinga inayojulikana. Udhaifu wake ni kulitenga jambo ambalo halitengeki. Pombe yenyewe ni sehemu ya mlo. Unene uliopita kiasi, ambao mwaka 2016 ulihusishwa na aina 13 za saratani, unakua mijini pamoja na soda, maandazi na chipsi, na mafuta ya tumboni ni chanzo cha mchochota sugu. Tukisubiri hadi lishe iwe tatizo kubwa kuliko virusi, tutakuwa tumechelewa kizazi kizima.

KUPIMA MIZANI

Kabla ya kuzipanga hoja hizi pamoja, mambo matatu yanahitaji kunyooshwa. Kwanza, nyama. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka soseji na nyama nyingine zilizosindikwa kwenye kundi la kwanza, kundi moja na tumbaku, na nyama nyekundu kwenye kundi la "huenda". Wengi walielewa kwamba soseji ni sawa na sigara. Makundi hayo hupima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Sigara huongeza ya mapafu mara nyingi zaidi ya hapo. Nyama choma ya Kwa Mrombo mara mojamoja, pamoja na kachumbari na ndizi, ni tofauti na soseji za kila asubuhi. Kinachofaa kuepukwa ni vipande vilivyoungua na kuwa vyeusi, na wingi wa kila siku. Na kwa mtoto wa kijijini asiyepata nyama ya kutosha, onyo la kupunguza nyama halimhusu.

Pili, mbege. Huu ndio mgongano ulio wazi kuliko yote. Katika jaribio ilishusha viashiria vya mchochota. Katika orodha ya visababishi, kilevi kilichomo kinahusishwa na saratani ya umio, ini, matiti na utumbo. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu mchochota ni njia moja tu ya kufikia saratani, na kilevi kina njia nyingine ya kuharibu vinasaba. Faida inayotokana na uchachushaji na ulezi inaweza kutafutwa kwenye maziwa ya mgando, loshoro na togwa, bila kulipa gharama ya kilevi. Utafiti wa mwaka 2025 haumpi mtu ruhusa ya kunywa zaidi.

Tatu, sukari na asidi. Mwili hutengeneza glukosi hata usipoila, kwa hiyo saratani haiwezi kunyimwa chakula kwa kuacha sukari. Mgonjwa ndiye anayedhoofika. Asidi ya damu husimamiwa na mapafu na figo, ndimu haiibadilishi. Kupunguza sukari kuna faida kwa sababu ya unene na kisukari, na hilo linatosha kuwa sababu.

Tukizipanga hoja nne pamoja, kuna uzi mmoja unaozipitia. Joto la kikombe, sumukuvu, virusi, kilevi na mafuta ya tumboni vinafanana kwa jambo moja: ni majeraha yanayorudiwa kila siku kwa miaka. Mchochota sugu ni moto ambao mtu anaendelea kuusukumia kuni. Lishe nzuri ina thamani kwa sababu inapunguza kuni hizo na kuupa mwili nafasi ya kupona, na ndiyo maana mlo mzima wa ndizi, maharage, mnafu na ngogwe una mantiki kuliko unga wowote wa kopo. Lakini hakuna chakula kinachouzima moto wakati kuni bado zinaingia upande mwingine. Na donge likishaota, kazi ya chakula ni kumpa mgonjwa nguvu ya kustahimili matibabu. Kuyafanya matibabu yenyewe ni kazi ya hospitali kama Ocean Road, KCMC na Bugando.

KWA MUHTASARI

Uhakika ni mkubwa kwa sumukuvu, pombe, tumbaku, virusi, unene na nyama zilizosindikwa. Ni wa kati kwa vinywaji vya moto sana na nyama nyekundu. Ni mdogo kwa fluoridi na umio. Kuhusu mlo wa asili na mchochota ushahidi wetu ni mzuri lakini mchanga, na unahitaji miaka kabla ya kusema lolote kuhusu idadi ya wagonjwa.

Kaya inaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo: kuacha chai na uji vipoe, kuchambua mahindi na kutupa yenye ukungu, kula maharage na mboga za majani mara nyingi kuliko vya kukaanga, kupunguza kilevi, kumpeleka binti apate chanjo, na kwenda hospitali mapema chakula kinapoanza kukwama kooni.

Hata hivyo, ni dhuluma kumtwika mama wa jikoni mzigo wote huu. Hawezi kuondoa fluoridi kwenye mto wa Maji ya Chai, wala kupima sumukuvu kwenye gunia alilonunua sokoni Kilombero, wala kuleta mashine ya mionzi Arusha. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru imeonyesha kwamba vichujio vya fluoridi vinaweza kubuniwa hapahapa. Kilichobaki ni kuvifikisha mabombani, pamoja na turubai za kukaushia, mifuko isiyopitisha hewa na vipimo vya mahindi. Kuni nyingi za moto huu hazikuokotwa na mlaji. Waliozileta, na wenye mamlaka ya kuziondoa, nao wana zamu yao mekoni.